Kiwanja Bunda, jirani tembo

Wiki hii huku hosteli mada ni moja tu: viwanja. Jamaa mmoja wa mwaka wa tatu katangaza kwamba akipata ajira ya ualimu, kitu cha kwanza ni kiwanja, tena Bunda, kwa sababu eti upepo wa ziwa upo na Serengeti unaiona dirishani. Basi kila mtu kaanza kuchora nyumba yake wakati boom lenyewe halijatoka! Mimi mtu wa historia nikasema ngoja niwaandikieni kidogo, maana wengi wetu tutapangiwa mikoa kama Mara.

Tuanze na ramani. Ukitoka Mwanza na basi la Musoma, kabla ya kuingia Bunda unapita geti la Ndabaka. Kulia kwako ni Serengeti, kushoto ni Ghuba ya Speke. Katikati hapo ndipo watu wanapolima pamba, wanachunga na kuvua samaki. Ni kipande chembamba sana, na tembo naye anakitaka.

Sasa sisi tumezoea kusema "porini" utadhani Mungu aliliumba lile pori bila watu. Si kweli jamani. Waikoma, Wanata, Waishenyi na majirani zao walijenga, wakalima na kuwinda hadi ndani ya eneo ambalo leo ni hifadhi. Miaka ya 1890 ikaja sotoka, ng'ombe wakafa kwa wingi, njaa ikafuata, watu wakahama. Mashamba yakawa vichaka, vichaka vikaleta mbung'o, na mbung'o wakaleta malale. Kwa hiyo Mwingereza alipokuja kuchora mipaka, sehemu kubwa ya alichokiita pori ilikuwa mahame. Mwaka 1951 Serengeti ikawa hifadhi ya taifa. Mwaka 1959, mipaka ilipochorwa upya, Wamasai wa upande wa mashariki wakahamishiwa Ngorongoro. Huku magharibi, mwaka 1994 Grumeti na Ikorongo yakatangazwa mapori ya akiba.

Kutoka Bunda twende Butiama, maana huwezi kuongelea ardhi nchi hii ukamruka Mwalimu. Mwaka 1958 serikali ya kikoloni ilipotaka ardhi iweze kumilikiwa moja kwa moja na kuuzwa kama bidhaa, Nyerere aliandika kupinga. Hoja yake ilikuwa rahisi: ardhi hakuna aliyeitengeneza, kilicho chako ni jasho ulilomwaga juu yake. Ukiruhusu iuzwe moja kwa moja, wachache wenye hela watainunua yote na wengine tutakuwa wapangaji kwetu. Baada ya uhuru, mwaka 1963, umiliki wa namna hiyo ukafutwa. Mpaka leo ardhi yote ni ya umma, Rais ni mdhamini, na hati ndefu kabisa ni ya miaka 99. Yaani unanunua nyumba, ila udongo unaazimwa!

Mimi hoja ya Mwalimu naikubali. Bila hiyo, pale Ndabaka pengine mkulima angeshauziwa zamani na matajiri wa hoteli. Ila ina upande wa pili ambao darasani tunaupita haraka. Sheria inayomzuia tajiri asikumeze ndiyo hiyo hiyo inayoipa serikali nguvu ya kukuhamisha. Miaka hii ya 2020 wakazi wa kata ya Nyatwali, hapo hapo Bunda, waliambiwa wahame ili eneo lao liunganishwe na hifadhi na wanyama wapate njia ya kufika ziwani. Suala la fidia yao lilifika hadi bungeni. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Haya, kaburi la babu au mwembe uliokulia chini yake utaufanyia tathmini ya shilingi ngapi?

Kwa hiyo wewe mwalimu mtarajiwa, kabla hujatoa hela ya kiwanja, uliza hiyo ardhi ni ya aina gani. Sheria inazo tatu: ya jumla, ya kijiji na ya hifadhi. Kama ni ya kijiji, karatasi ya muuzaji na mashahidi wawili haitoshi, nenda halmashauri ya kijiji. Kisha kaa na wazee wakuonyeshe mpaka wa hifadhi uko wapi, na zamani ulikuwa wapi. Hilo la pili ndilo dalali hatakuambia.

Nyumbani kwa Mwalimu kule Butiama, alipozikwa mwaka 1999, panaitwa Mwitongo. Kwa Kizanaki maana yake mahame. Watu walihama pale, wengine wakarudi wakajenga. Ndivyo Mara ilivyo: kwenye pori kulikuwa na nyumba, na kwenye nyumba kunaweza kurudi pori.

Haya, narudi kwenye semina, kesho nina presentesheni na kundi langu wote wamezima simu. Siku njema!