Mfuatano, Usomaji, Mfululizo

Habari za vinasaba zikiandikwa kwa Kiswahili, mara nyingi husemwa kwamba wanasayansi "wamepanga mfuatano wa DNA". Kitenzi hicho kinanikera. Kupanga ni kazi ya mtu anayeweka vitu pale anapotaka yeye, lakini herufi nne za DNA, yaani A, C, G na T, zimekwisha kufuatana ndani ya seli kabla mtafiti hajazaliwa. Mtafiti hapangi, anasoma.

Na hapo mwanzo alisoma kwa macho hasa. Mwaka 1977, huko Cambridge, Uingereza, Frederick Sanger na wenzake walitangaza njia ya kunakili DNA katika mirija minne, kila mrija ukitiwa kiasi kidogo cha herufi mojawapo iliyobadilishwa kikemia: ikishaingia kwenye mnyororo, hakuna nyingine inayoweza kuungwa mbele yake. Minyororo ikakoma kwa urefu mbalimbali. Iliposukumwa kwa umeme ndani ya jeli, mifupi ilikwenda mbali kuliko mirefu, na alama zake zikatokea kwenye filamu ya eksirei. Mtu aliitazama filamu hiyo kutoka chini kwenda juu, akinakili herufi moja moja. Kama huko si kusoma, sijui kusoma ni nini.

Usomaji wa namna hiyo ulitoa herufi mia chache tu kwa mara moja, ilhali jenomu ya binadamu, yaani mfuatano wake mzima wa DNA, ina takriban bilioni 3. Ndiyo maana DNA ilianza kuvunjwavunjwa ovyo na vipande kusomwa bila kujua vimetoka wapi. Kiingereza kiliiita njia hiyo kwa jina la bunduki ya kuwindia ndege, kwa sababu risasi zake ndogo hutawanyika. Nasi tuna neno lake la zamani, marisau. Mbinu ya marisau: naona inakaa vizuri.

Vipande vikishasomwa, kazi inayobaki ni kuviunga, na kinachowezesha kuunga ni kwamba mwisho wa kipande kimoja una herufi zilezile za mwanzo wa kingine. Wengine huandika kwamba vipande "vinapishana", lakini wanaopishana njiani hata hawagusani. "Kuingiliana" nako kunaleta harufu ya ugomvi. Fundi wa kuezeka analo neno: makuti hulaliana, la juu likifunika sehemu ya lililo chini yake, na paa halivuji. Watafiti wa kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome kule Kilifi, Kenya, walipokuwa wakisoma virusi vya korona, walitumia vipande vya takriban herufi 400 vilivyokusudiwa kulaliana hivyo, mpaka vikafunika karibu herufi zote 30,000 za kirusi.

Vipande vinavyolaliana bila pengo vikishaungwa, hupatikana kitu ambacho Rodger Staden, naye wa Cambridge, alikibunia jina mwaka 1980 kwa kulikata neno la Kiingereza lenye maana ya kugusana. Tunaweza kuliazima tukasema kontigi, na wengi watafanya hivyo. Mimi napendelea mfululizo. Mvua ikinyesha siku tatu mfululizo, hakuna siku iliyorukwa, na hiyo ndiyo sifa yenyewe inayotafutwa. Mfuatano ni wa seli. Mfululizo ni sehemu ya mfuatano huo tuliyoweza kuifikia bila kukatika. Tukiyachanganya maneno haya mawili, msomaji ataamini kwamba kilichounganishwa na kompyuta ndicho kilichomo mwilini, kumbe ni hitimisho linaloweza kukosewa.

Mifululizo iliyowekwa kwa zamu yake, huku mapengo kati yake yakijazwa herufi N, alama ya herufi isiyojulikana, ningeiita kiunzi.

Kuna neno moja ambalo Kiswahili kimelipata kwa bahati. Idadi ya mara ambazo kila mahali pa jenomu pamesomwa, kwa wastani, huitwa kina. Eric Lander na Michael Waterman walionyesha mwaka 1988 kwamba vipande vikitawanyika ovyo, kina cha mara 8 huacha takriban herufi 3 katika kila 10,000 bila kuguswa. Kina ni urefu wa kwenda chini majini, lakini kwa mshairi kina ni sauti inayorudi mwishoni mwa mshororo. Usomaji wa DNA unazihitaji maana zote mbili: tunazama kwa kurudia.

Ila marudio ndiyo pia adui. Karibu nusu ya jenomu yetu ni herufi zinazojirudia, na kipande kifupi cha herufi 150 kilichotoka humo kinaweza kulaliana na maelfu ya vingine visivyo jirani zake. Jenomu iliyotangazwa kuwa kamili mwaka 2003 ilikosa takriban asilimia 8, sehemu kubwa yake ikiwa ni marudio hayo. Mashine zinazosoma makumi ya maelfu ya herufi kwa pamoja ndizo zilizoyavuka, na mwaka 2022 ukachapishwa mfuatano wa herufi bilioni 3.055. Huo nao ukaitwa kamili, ingawa seli zilizosomwa hazikuwa na kromosomu Y. Mfuatano wa kromosomu hiyo ulichapishwa mwaka 2023, na tangu hapo naweza kuliandika neno kamili bila kulitilia alama za kunukuu.