Tong: Herufi ya Kichina Iliyofika Pwani Kabla ya River Road

Apitaye River Road, mjini Nairobi, na kuona maandishi ya Kichina yaliyopigwa chapa juu ya makasha ya simu, redio na taa, hudhani kwamba maandishi hayo, sawa na bidhaa zenyewe, ni mageni ya juzi katika nchi hii. Lakini historia yashuhudia vinginevyo. Mwezi wa Machi 2013 ilitangazwa kwamba msafara wa wanaakiolojia, akiwamo Mkenya Chapurukha Kusimba, umepata katika kisiwa cha Manda, karibu na Lamu, sarafu yenye tundu la mraba katikati, iliyopigwa kwa jina la Yongle, mfalme wa Uchina aliyetawala tangu 1402 hata 1424. Na miaka mitatu kabla yake nyingine ya namna hiyo ilikuwa imefukuliwa Mambrui, kaskazini ya Malindi.

Sarafu hiyo ina herufi nne: mbili ni jina la enzi, ya tatu ni tong (通), ya nne ni bao, yaani hazina, na tangu mwaka 621, zama za ukoo wa Tang, maneno tong bao yalikuwa alama ya fedha ienezwayo na kupokewa kila mahali.

Mwanazuoni wa Kichina Xu Shen, aliyetunga kamusi yake yapata mwaka 100, aliifasiri herufi hiyo tong kuwa ni kufika. Upande wake mmoja ni alama ya mwendo, na upande wa pili huiazima sauti. Na kwa kuwa kilichopita hata mwisho pasipo kuzuiliwa ndicho kilichotimia, maana ya safari ikazaa maana ya ukamilifu. Hivyo tong xiao ni usiku kucha, tong hong ni wekundu ulioenea pote, jing tong ni kubobea katika elimu, na sentensi iliyoharibika kimantiki huambiwa bu tong, kwamba haipiti.

Mswahili hana sababu ya kustaajabia taifa lililounganisha mwendo na utimilifu, kwani naye, kwa kuhamisha mkazo tu, huita njia kuu barabara, na kazi iliyotengenezwa ikakamilika husema kuwa imefanywa barabara. Wachina walifikia maana zote mbili kwa herufi moja, nayo ilikuwa imekwisha wasili pwani yetu karne nyingi kabla Nairobi haijawa mji.