Taasisi ya Sayansi za Bahari, Zanzibar: Tangu 1978

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, watu walizungumzia reli, ndege na posta. Bahari haikutajwa sana, ingawa nayo ilikuwa mali ya pamoja. Tangu enzi za ukoloni, utafiti wa samaki wa pwani yetu ulikuwa chini ya shirika moja lenye makao yake Unguja na meli yake, Manihine.

Urithi huo ukagawanyika. Kenya ilianzisha taasisi yake Mombasa mwaka 1979, na Tanzania ikaunda Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi (TAFIRI) mwaka 1980. Lakini kituo cha Unguja kilikwishachukuliwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1978, kikawa Taasisi ya Sayansi za Bahari. Kwangu mimi hapo ndipo penye uzito wa historia hii, kwa kuwa anayechunguza bahari chini ya chuo kikuu hana budi pia kuifundisha.

Na imefundisha. Wanafunzi wa uzamili na uzamivu wamesoma matumbawe, mikoko, nyasi bahari na samaki, wakifuata ratiba ya bamvua kuliko ya kengele. Magnus Ngoile, aliyewahi kuwa mkurugenzi wake, baadaye aliliongoza Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira.

Mwani, hata hivyo, ndio unaoonyesha vizuri zaidi elimu hiyo imemfaa nani. Miaka ya 1970 Keto Mshigeni, mtaalamu wa mimea wa chuo hichohicho, alikuwa akieleza kwamba mwani wa pwani yetu unaweza kulimwa. Mwaka 1989 kilimo cha biashara kikaanza Paje na Jambiani kwa mbegu kutoka Ufilipino, na walioingia majini kwa wingi ni wanawake. Kwa wengi wao zilikuwa fedha zao wenyewe, zisizopitia mkononi mwa mume.

Kisha maji ya kina kifupi yakazidi kupata joto. Aina ya kotonii, yenye bei nzuri, ikawa inapauka, inalegea na kukatika kambani. Wakulima wakabaki na spinosamu, ambayo huvumilia zaidi lakini bei yake ni ndogo. Kwenda maji marefu si jambo jepesi kwa mwanamke asiyejua kuogelea na asiye na chombo. Flower Msuya, mtafiti wa Taasisi, alilishughulikia tatizo hilo pamoja nao: wakajaribu nyavu za mfano wa bomba zinazoushika mwani usichukuliwe na mkondo, na wanawake wakafundishwa kuogelea na kutumia boti.

Aliwafundisha pia kuusaga mwani na kutengeneza sabuni. Mwani mkavu ukiuzwa kwa kilo, faida kubwa huvuka bahari pamoja na magunia. Ukiwa sabuni, sehemu yake hubaki Paje, kwa aliyeulima.