Hekalu Lisilo na Umati: Pagoda ya Uppatasanti kama Kivutio cha Utalii na Chombo cha Siasa Nchini Myanmar

Makala haya yanachunguza pagoda ya Uppatasanti, iliyojengwa kati ya Novemba 2006 na Machi 2009 katika mji wa Naypyidaw, ambao utawala wa kijeshi wa Myanmar uliufanya makao makuu mapya ya serikali. Hoja kuu ni kwamba watawala waliinakili sura ya hekalu tukufu kuliko yote nchini, lakini wakaiacha nyuma historia yake ya upinzani.

Hekalu lililonakiliwa ni Shwedagon, lililoko Yangon, takribani kilomita 320 kusini. Uppatasanti ina urefu wa takribani mita 99, pungufu kidogo ya Shwedagon. Upungufu huo mdogo ulibeba maana mbili: heshima kwa hekalu la kale, na dai la kukaribia hadhi yake. Kwa karne nyingi wafalme wa Myanmar walijipatia thawabu na uhalali kwa kujenga mahekalu. Jenerali Than Shwe, kiongozi wa utawala huo, alijiweka katika safu hiyo. Baadaye hata ndovu weupe, ambao tangu kale ni alama ya mfalme wa haki, walifugwa chini ya pagoda hiyo.

Hata hivyo, Shwedagon haikuwa mahali pa ibada peke yake. Wanafunzi waliogoma dhidi ya ukoloni wa Waingereza walipiga kambi hapo mwaka 1920 na tena mwaka 1936. Tarehe 26 Agosti 1988, Aung San Suu Kyi aliuhutubia umati mkubwa karibu na lango lake la magharibi. Septemba 2007 watawa waliandamana kutoka hapo, na wakakataa kupokea sadaka kutoka kwa wanajeshi. Kukataa huko kulikuwa pigo zito, kwani kwa Wabuddha mtoaji hupata thawabu pale tu sadaka yake inapopokelewa. Jeshi lilijibu kwa risasi na kwa kuvamia nyumba za watawa.

Ujenzi wa Uppatasanti ulikuwa umeanza kabla ya maandamano hayo. Kwa hiyo hauwezi kuelezwa kuwa jibu kwayo. Lakini ulikamilika baada yake, na ndipo maana yake ilipobadilika. Wakati watawa walikuwa wameikataa sadaka ya jeshi, pagoda ilibaki kuwa sadaka isiyoweza kukataa.

Jina lenyewe linaifanya hukumu ya historia kuwa nzito zaidi. Uppatasanti humaanisha kinga dhidi ya majanga. Pagoda ikiwa bado inajengwa, Mei 2008, Kimbunga Nargis kiliua au kupoteza watu zaidi ya 130,000 katika delta ya Irrawaddy. Utawala ulichelewesha misaada ya kigeni, lakini kura ya maoni kuhusu katiba ilifanyika katika sehemu kubwa ya nchi siku chache tu baadaye.

Nchi ilipoanza kufunguka baada ya mwaka 2011, Uppatasanti iliingia katika ratiba za wageni, hasa Naypyidaw ilipoandaa Michezo ya Kusini Mashariki mwa Asia mwaka 2013. Tofauti na Shwedagon, ndani yake mna ukumbi ambamo mgeni huingia na kutazama sanamu za Buddha. Utalii ulilipa hekalu kitu ambacho amri ya kijeshi haikuweza kutoa: watu waliokuja kwa hiari. Lakini mtalii hutazama, hupiga picha na kuondoka. Haulizi mjenzi alikuwa nani wala nani alilipa.

Baada ya mapinduzi ya mwaka 2021 desturi hiyo iliendelea: mwaka 2023 Jenerali Min Aung Hlaing alizindua Naypyidaw sanamu kubwa ya marumaru ya Buddha, huku vita vikiendelea nchini. Mfuatano huu unaonyesha kwamba jengo takatifu linaweza kutangaza uhalali, lakini haliwezi kuuzalisha. Uhalali wa Shwedagon ulitokana na watu waliokusanyika chini yake, na hao hawakuweza kunakiliwa.