Leseni ya Kuwinda Nchini Kenya

Mwezi Mei 1977 Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama. Hivyo zikafutwa leseni zilizoanzishwa na ukoloni, ambazo historia yake yafaa kukumbukwa.

Mwanzoni mwa karne ya 20, mgeni aliyetaka kuwinda alilipa rupia 750, yaani pauni 50. Mlowezi alilipa rupia 150. Kodi ya nyumba ya Mwafrika ilikuwa rupia 3, na wengi walilazimika kufanya vibarua ili waipate. Leseni moja ya mgeni, basi, ilikuwa sawa na kodi ya nyumba 250.

Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, Rais mstaafu wa Marekani, alishuka Mombasa. Safari yake ilipokwisha huko Sudan, yeye na mwanawe walikuwa wameua wanyama 512, naye akasifiwa. Lakini Mwata wa nyika ya Tsavo, aliyeishi kwa upinde na mshale wa sumu tangu enzi za mababu, aliitwa jangili, na katika miaka ya 1950 wengi wa kabila lake walifungwa.

Ada ile ilipunguza wawindaji, ni kweli. Lakini pia iliamua nani aitwe mwindaji na nani aitwe mwizi.