Mwangwi wa nani?

Mama mdogo alicheka kwanza, kisha akakasirika. Alikuwa ameambiwa aende kufanya ekografi, na hapa Gisenyi, kuanzia Mbugangari hadi ng'ambo ya mpaka kule Goma, ekografi ni ya mwenye mimba. "Mimi mwenye wajukuu wawili," akasema, "wananitafutia mtoto gani tena?" Kilichompeleka kwa muuguzi kilikuwa kingine kabisa. Akipanda kutoka ziwani na beseni la sambaza kichwani alikuwa akikatika pumzi njiani, na usiku hakupata usingizi bila kuegemea mito mitatu. Kwa maneno yake mwenyewe, "roho inanipigapiga, haiko sawa."

Ndipo nikaitwa. Mimi hufundisha Kiswahili, na tangu lugha hii iingizwe katika lugha rasmi za Rwanda mwaka 2017, jamaa zangu huamini kwamba mwalimu wa Kiswahili hutembea na tafsiri ya kila kitu mfukoni. Neno la kwanza halikunisumbua. Roho ya mama mdogo ni moyo. Ndivyo Kiswahili cha Kivu kinavyosema, na hata watu wa pwani roho huwaenda mbio wakishtuka, ingawa daktari akiwauliza jina la kiungo watasema moyo. Neno la pili, lile lililoandikwa kwenye karatasi aliyopewa na muuguzi, ndilo lililonikalisha macho.

Kwenye karatasi iliandikwa eko, basi. Wauguzi wetu wa rika la zamani walisomea Kifaransa, vijana wamesomea Kiingereza, na wote hukutana kwenye eko. Sifa yake ni ufupi. Kasoro yake ni kwamba halimwambii mgonjwa lolote. Jina lake refu, ekokadiografia, lina silabi nane, na linafanana mno na elektrokadiografia, ambayo ni kipimo kingine cha moyo. Nawajua watu waliofanyiwa kimoja wakarudi nyumbani wakiamini wamefanyiwa vyote viwili.

Wenzetu wa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, wameshughulika na maneno haya tangu taasisi yao ilipoanzishwa mwaka 2015. Katika taarifa zao kwa umma, eko huwa ni kipimo cha kuangalia jinsi moyo unavyofanya kazi, na kile kingine ni kipimo cha kuangalia jinsi umeme wa moyo unavyofanya kazi. Hayo ni maelezo mazuri, na mgonjwa akiyasikia hatishiki. Lakini maelezo si jina. Na ukiyachunguza, hata kidole cha muuguzi kwenye mshipa wa kifundo cha mkono kinaangalia jinsi moyo unavyofanya kazi.

Basi nikafanya kile ambacho mwalimu hufanya: nikarudi kwenye asili. Eko ni neno la Kigiriki, na Kiswahili kina lake la tangu zamani: mwangwi, sauti inayogonga mahali ikarudi. Mwangwi wa moyo! Nililipenda kwa muda wa alasiri nzima. Jioni nikamwambia mama mdogo, "Kesho watakupima mwangwi wa moyo." Akaweka kiganja kifuani, akanyamaza kidogo, akanijibu, "Wa kusikiliza nini? Hata wewe ukiweka sikio hapa utausikia."

Jibu lake liliivunja tafsiri yangu papo hapo, na kosa lilikuwa kwenye kile kijineno "wa". Tukisema mapigo ya moyo, tunamaanisha moyo ndio unaopiga. Tukisema umeme wa moyo, tunasema kweli vilevile, maana moyo una umeme wake. Willem Einthoven, aliyetengeneza chombo cha kuuchora, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924 kwa kazi hiyo. Lakini mwangwi ule si wa moyo. Sauti ni ya mashine. Moyo hausemi kitu katika kipimo kile. Unarudisha tu ulichoambiwa, kama ukuta. Aliyesikia "mwangwi wa moyo" akafikiria dudududu ya kifuani hakukosea Kiswahili. Mtafsiri ndiye aliyekosea.

Kesho yake nilimsindikiza. Chumba kilikuwa kidogo, pazia limefungwa kuzuia mwanga wa ziwa. Muuguzi, binti wa miaka thelathini hivi, alimlaza ubavu wa kushoto ili moyo usogee karibu na mbavu, akampaka ute baridi, akaweka juu yake kifaa cha kushika mkononi, mfano wa mashine ya kinyozi. Kwenye kioo, ndani ya umbo kama kipande cha chungwa, vitu vya kijivu vikaanza kufunga na kufungua. Mama mdogo aligeuza shingo. "Huyo ni mimi?"

Sikio la binadamu huishia kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde. Kifaa kile hupeleka mitetemo milioni mbili hadi tano kwa sekunde, na ndiyo maana chumba kiko kimya. Sauti hupita ndani ya nyama ya mwili kwa kasi ya mita 1,540 hivi kwa sekunde. Ikikutana na ukuta wa moyo, sehemu yake hurudi. Ikikutana na mlango wa moyo, sehemu nyingine hurudi. Mashine hupima muda wa kwenda na kurudi, ikapiga hesabu ya umbali, ikaweka nukta kwenye kioo. Ukuta ulio sentimita 10 ndani hujibu baada ya sekunde 0.00013. Hakuna mionzi hata kidogo, na hilo lafaa kusemwa mapema, kwa sababu kwetu neno "picha" likitajwa hospitalini mtu huwaza eksirei.

Kuna pia rangi, nazo zina mtego wake. Muuguzi alipobonyeza kitufe, damu ikaonekana nyekundu hapa na buluu pale. Mama mdogo akaniminya mkono: damu yake imechafuka. Hapana. Nyekundu ni damu inayokuja upande wa kifaa, buluu ni inayokwenda mbali nacho. Anayesimama kando ya barabara ya Kigali anaijua siri hiyo: honi ya moto ni nyembamba ikikujia, ikishakupita inakuwa nene. Christian Doppler, mwanafizikia wa Austria, aliieleza mwaka 1842, na mashine hutumia mabadiliko hayohayo ya sauti kujua damu inakimbilia wapi na kwa kasi gani.

Asili ya kipimo chenyewe haikuwa hospitalini. Mjini Lund, Uswidi, daktari Inge Edler alikuwa na shida ya wagonjwa ambao mlango mmoja wa moyo, ule wa mitrali ulio kati ya vyumba viwili vya kushoto, umekakamaa na kuwa mwembamba. Wapasuaji walikuwa wameanza kuupanua, naye alitakiwa kuwaambia kabla ya kisu nani anafaa na nani hafai. Alimwendea mwanafizikia Carl Hellmuth Hertz. Hertz akaenda kwenye kiwanda cha meli cha Kockums, Malmö, ambako walikuwa na chombo cha kupeleka sauti ndani ya chuma ili kutafuta nyufa, akakijaribu kifuani mwake mwenyewe. Mwezi Oktoba 1953 wawili hao walirekodi mwangwi wa kwanza kutoka ndani ya moyo unaopiga. Nasema kutoka ndani ya moyo, si wa moyo.

Nilipomsimulia mama mdogo habari za meli hakushangaa. Ziwani kwetu pia watafiti wamepita na vyombo vya namna hiyo, wakipeleka sauti majini ili wakadirie wingi wa sambaza, samaki wale walioletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 na ambao sasa ndio biashara yake. "Kumbe wananihesabu kama sambaza," akasema. Muuguzi alicheka hadi kifaa kikateleza.

Kisha akamaliza kazi niliyoshindwa kwa siku mbili. Alimwambia kwa Kinyarwanda neno moja: nyiramubande. Ndilo jina la mwangwi kwa Kinyarwanda, na ni jina linalofanana na la mtu. Umubande ni bonde. Nyira- ni kile kitangulizi cha majina ya kike, hichohicho kilichomo katika Nyiragongo, mlima tunaouona ukiwaka usiku upande wa Goma. Yaani Bibi wa Bondeni, anayekujibu ukipaza sauti kilimani. "Mashine inapiga kelele," muuguzi akaeleza, "nyiramubande wako anajibu." Mama mdogo akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya haki. Kiswahili changu hakikuwa na bibi huyo.

Kwa hiyo nimetulia kwenye "kipimo cha mwangwi wa sauti", na kwa kifupi "kipimo cha mwangwi". Matokeo yanayochapwa ni "picha ya mwangwi". Moyo ukihitaji kutajwa, utajwe kama mahali: kipimo cha mwangwi kifuani, picha ya mwangwi iliyopigwa moyoni. Wauguzi waendelee na eko yao wenyewe kwa wenyewe. Sijaona neno fupi likishindwa na refu kazini. Kwa kile cha nyaya kifuani, "kipimo cha umeme wa moyo" kinatosha kabisa, na kijineno "wa" pale ni halali.

Neno la tatu lilikuwa zito zaidi. Picha ilionyesha mlango wa mitrali wa mama mdogo umekakamaa, ugonjwa uleule uliomsumbua Edler. Kwa Kiswahili sanifu huu ni ugonjwa wa moyo wa baridi yabisi. Neno lina ukongwe wa kuvutia: yabisi ni kavu, na "baridi na kavu" ni mabaki ya tiba ya Wagiriki na Waarabu iliyogawa maradhi kwa joto na unyevu. Lakini mpe mtu wa Gisenyi neno hilo, ataufunga moyo wake sweta. Mama mdogo alilaumu upepo wa ziwa na alfajiri zote alizosubiri mitumbwi. Ukweli ni kwamba ugonjwa huanzia kooni utotoni, kwa bakteria wanaoitwa streptokokasi. Mwili unapopambana nao mara kwa mara hukosea shabaha na kujeruhi milango ya moyo, na kovu hukomaa polepole kwa miaka mingi. Hapa nawaasi wapenzi wa maneno ya asili: semeni "rumatiki". Neno lisilo na maana kwa msikilizaji ni afadhali kuliko lenye maana ya uongo, na nafasi iliyobaki wazi muuguzi ataijaza na koo.

Habari ya koo ndiyo inayoupa mwangwi thamani yake ya leo. Mlango unapoanza kuharibika mtoto hasikii lolote, na mara nyingi hata sikio la daktari halisikii kitu. Mwangwi huona. Huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, watafiti walipima kwa njia hii watoto zaidi ya laki moja, kisha wakawafuatilia 818 wa miaka 5 hadi 17 ambao milango ilikuwa na dalili za mwanzo tu. Nusu walichomwa penisilini ya kukaa mwilini kila baada ya wiki nne kwa miaka miwili, nusu hawakuchomwa. Matokeo yalichapishwa Novemba 2021: waliozidi kuharibika miongoni mwa wasiochomwa ni 33 kati ya 400, miongoni mwa waliochomwa, watatu kati ya 399. Dawa ni ya zamani, ya bei ndogo. Kipya ni kumwona anayeihitaji kabla hajakata pumzi kilimani.

Mashine nazo zimepungua ukubwa hadi kuingia mfukoni na kuchomekwa kwenye simu. Rwanda haikungoja hizo. Tangu katikati ya miaka ya 2000 Wizara ya Afya na shirika la Partners In Health, linalojulikana hapa kama Inshuti Mu Buzima, walianza kuwafundisha wauguzi wa hospitali za wilaya, kwanza huko mashariki mwa nchi, kushika kifaa hicho na kujibu maswali machache makubwa: moyo unasukuma kwa nguvu au umechoka? Mlango huu umekakamaa? Maswali madogo yalibaki kwa mtaalamu. Nchi yenye wataalamu wachache wa moyo haikuwa na njia nyingine, nami nadhani hata ingekuwa nayo, hii ingebaki kuwa nzuri, maana muuguzi anajua nyiramubande ni nani.

Upasuaji ni Kigali, ambako timu ya Team Heart kutoka Boston ilianza kuja Hospitali ya King Faisal mwaka 2008 kubadilisha milango kama ule wa mama mdogo, na sasa wapo wapasuaji wa nyumbani. Jina lake limeandikwa kwenye orodha ya wa kuonwa huko. Kwa sasa ana sindano ya kila mwezi, vidonge vya kupunguza maji mwilini, na kadi ya mituweli, bima yetu ya afya, aliyoifunika kwa nailoni isiloe maji ya samaki.

Juzi nilimkuta sokoni akimweleza mwenzake aliyeandikiwa karatasi kama ile yake. Nilisimama nyuma kidogo nisikie kama "kipimo cha mwangwi" kimeota mizizi.

"Usiogope, mama," alikuwa akisema. "Wanakupaka mafuta baridi, unalala kwa ubavu. Kisha wanamuuliza nyira wako wa ndani, naye anajibu."