Togwa salama huanza na chombo: maelezo kwa wakazi wa Shinyanga na Geita

Togwa ni uji mwepesi wa nafaka ulioachwa uchachuke kwa usiku mmoja au siku moja. Hunywewa nyumbani na shambani, na huuzwa kwa kikombe sokoni, mnadani na machimboni. Haina gharama kubwa, inashibisha, na ikitengenezwa vizuri humlinda anayeinywa dhidi ya vijidudu vingi vya kuharisha.

Lakini uchachu huo huo unaofukuza vijidudu unaweza pia kuyeyusha madini na mabaki ya kemikali yaliyo kwenye chombo. Kwa wakazi wa maeneo ya dhahabu na pamba, ambako dumu na ndoo hubadilishwa kazi mara nyingi, jambo hili ni la kuangaliwa kwa makini. Katika makala hii tunaeleza togwa inavyochachuka, namna ya kuitengeneza, vyombo vinavyofaa na vile visivyofaa kabisa.

Uchachu unatoka wapi?

Kazi ya kuchachusha hufanywa na bakteria wa jamii ile inayogandisha maziwa. Bakteria hao hula sukari iliyomo kwenye uji na kutoa tindikali. Sukari yenyewe hutokana na kimea, yaani unga wa nafaka iliyolowekwa, ikaota, ikaanikwa na kusagwa. Kimea huvunja wanga wa uji kuwa sukari, na ndiyo maana uji mzito ukitiwa kimea hulainika na kuwa mwepesi na mtamu hata kabla haujachachuka.

Tindikali ikiongezeka, kipimo cha pH hushuka hadi chini ya 4. Katika hali hiyo vijidudu vingi vinavyoleta kuharisha hushindwa kuzaana, na vingi hufa. Mwaka 1999 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Tanzania kwa watoto wa chini ya miaka 5. Kundi moja lilipewa togwa mara moja kwa siku kwa siku 13, na jingine uji wa aina hiyo hiyo usiochachushwa. Watoto waliokunywa togwa walikutwa na vijidudu vichache zaidi vya kuharisha katika choo chao.

Namna ya kuitengeneza

Kwa lita 5 za maji unahitaji nusu kilo ya unga wa mahindi, mtama au ulezi, vijiko vitano vikubwa vya kimea, na kikombe kimoja cha togwa nzuri ya jana kama chachu.

1. Nawa mikono kwa sabuni na osha vyombo vyote kwa maji ya moto.
2. Koroga unga katika maji baridi kidogo, kisha umimine kwenye maji yanayochemka. Pika uji hadi uive kabisa.
3. Epua, funika, uache upoe hadi uwe vuguvugu. Ukitia kimea na chachu kwenye uji wa moto sana utaviua, na togwa haitachachuka.
4. Hamishia uji kwenye chombo cha kuchachushia. Tia kimea na togwa ya jana, koroga vizuri.
5. Funika kwa kitambaa safi au mfuniko usiokaza. Weka mahali penye kivuli, mbali na moshi na vumbi.
6. Kwa joto la Shinyanga na Geita, togwa huwa tayari baada ya saa 12 hadi 24. Inanukia vizuri na ina uchachu wa wazi mdomoni.

Kama huna togwa ya jana, itachachuka kwa bakteria waliomo kwenye kimea chenyewe, ila huchukua muda zaidi. Togwa yenye ukungu juu, utelezi usio wa kawaida au harufu ya kuoza imwagwe.

Kimea cha ulezi ndicho bora. Ukitumia cha mtama, kwanza pukuta na kupepeta mizizi na vichipukizi vyote baada ya kukausha, kisha usage punje tupu. Vichipukizi vya mtama vina kemikali inayotoa sumu ya sayanaidi, ile inayoua ng'ombe wanaokula mtama mchanga.

Kwa nini chombo ni jambo kubwa?

Chombo kinachofaa kwa maji si lazima kifae kwa togwa. Maji hayana tindikali. Togwa inayo, na inalala ndani ya chombo usiku kucha.

Mfano mmoja unatoka Australia. Huko, kama katika nchi nyingi, watu hutengeneza nyumbani kinywaji kiitwacho kombucha, ambacho ni chai ya sukari iliyochachushwa kwa bakteria na hamira. Mwaka 1998 madaktari waliandika habari za mume na mke waliokutwa na sumu ya madini ya risasi baada ya kunywa kombucha waliyoitengeneza kwenye chungu cha kauri kwa miezi sita. Chai haikuwa na kosa, ila tindikali yake ilikuwa ikitoa risasi kwenye rangi ya kung'aa iliyopakwa chungu hicho. Togwa nayo ina tindikali, kwa hiyo kanuni ni ile ile.

Vyombo vinavyofaa:

- Chungu cha udongo cha kawaida kisichopakwa rangi wala king'arishio.
- Kibuyu kilichosafishwa vizuri.
- Ndoo ya plastiki ya chakula. Nyingi zina alama ya bilauri na uma chini yake. Ndoo iliyonunuliwa ikiwa na mafuta ya kula nayo inafaa, ikioshwa vizuri.
- Chombo cha chuma kisichoshika kutu, au cha kioo.

Vyombo visivyofaa:

- Ndoo, pipa au karai la bati. Bati hupakwa madini ya zinki ili lisishike kutu, na tindikali huyatoa. Anayekunywa togwa iliyolala humo anaweza kutapika na kuumwa tumbo ndani ya dakika chache au saa chache. Vidonge vya zinki anavyopewa mtoto anayeharisha ni kipimo kidogo maalumu. Kilichotoka kwenye bati hakina kipimo.
- Chombo cha shaba.
- Chungu au bakuli la kung'aa la mapambo.
- Ndoo iliyokuwa na rangi ya nyumba, hata kama rangi imebanduliwa yote.

Sufuria ya aluminiamu itumike kupikia uji tu. Usiilaze togwa humo.

Zebaki, sayanaidi na dawa ya pamba

Hapa tunawaomba wasikilizaji wa maeneo ya machimbo wasome taratibu.

Zebaki hutumiwa na wachimbaji wadogo kukamata dhahabu kwenye mchanga uliosagwa kwenye karasha. Kisha mchanganyiko huo huchomwa ili zebaki itoke na dhahabu ibaki. Hatari kubwa zaidi ni mvuke wa wakati wa kuchoma. Mwaka 2003 watafiti wa mradi wa Umoja wa Mataifa walipima afya za watu wa Rwamagasa, Geita, na wachomaji wa dhahabu ndio waliokutwa wameathirika zaidi. Lakini zebaki haiishi pale inapochomewa. Hubaki kwenye mikwaruzo ya karai, sufuria na vitambaa, sabuni haiiondoi, na hupanda hewani kidogo kidogo hata bila moto, bila harufu wala rangi. Kwa hiyo karai la mwaloni lisirudi jikoni, na jiko lililochomea dhahabu lisipike uji. Anayefanya kazi ya dhahabu na pia kutengeneza togwa awe na nguo na vyombo tofauti, anawe kabla ya kugusa kimea, na asichomee dhahabu ndani ya nyumba.

Sayanaidi hutumika kwenye mitambo ya kuchenjulia marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa mara ya kwanza. Kiasi kidogo sana kinaua. Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui: sayanaidi ikikutana na tindikali hutoa gesi yenye sumu kali. Kumimina togwa kwenye pipa au dumu lililotoka kwenye mtambo ni kukutanisha vitu hivyo viwili. Hakuna namna ya kuliosha nyumbani likawa salama, liwe limeoshwa mara moja au mara kumi.

Chupa na madumu ya dawa ya pamba, ya kuogeshea mifugo na ya kuua magugu yana tatizo kama hilo. Plastiki hunyonya dawa na kuitoa baadaye polepole. Toboa chombo hicho kikishaisha ili mtu mwingine asije akakiokota na kukiuza.

Hivyo, unaponunua dumu la mtumba sokoni, uliza lilikuwa na nini. Muuzaji asipojua, usilitumie kwa kitu chochote kinacholiwa au kunywewa. Bei ya dumu jipya ni ndogo kuliko nauli ya kumkimbiza mtoto hospitali.

Mambo ambayo uchachu hauondoi

Kwanza ni sumukuvu. Hii ni sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi, karanga na nafaka nyingine zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kupika na kuchachusha hakuifanyi nafaka yenye ukungu kuwa salama. Mahindi yaliyobadilika rangi au kuota ukungu yasitengenezewe togwa, hata kama ladha ya uchachu ingeficha kasoro hiyo.

Pili ni maji mabichi. Mara nyingi togwa hutoka nyumbani ikiwa salama, kisha huharibiwa mahali pa kuuzia. Muuzaji huiongeza maji ya kisimani ili itoshe watu wengi, au huitia barafu isiyojulikana imetoka wapi. Maji yakizidi, tindikali hupungua nguvu na vijidudu vipya huingia. Anayetaka kuipunguza uzito atumie maji yaliyochemshwa yakapoa.

Tatu ni kikombe. Kikombe kimoja kinachozunguka kwa watu 20 na kusuuzwa kwenye ndoo ile ile kinaweza kueneza kipindupindu, hata kama togwa yenyewe ni nzuri.

Togwa au pombe?

Togwa ya siku ya kwanza kwa kawaida haileweshi. Ikiachwa siku mbili, tatu, hamira za asili huendelea kugeuza sukari kuwa kilevi, na kinywaji huwa pombe hata kama jina halijabadilika. Mpe mtoto au mjamzito togwa ya siku hiyo tu. Anayekwenda kushuka kwenye duara au kuendesha bodaboda naye asinywe iliyolala siku tatu.

Mtoto wa chini ya miezi sita asipewe togwa. Maziwa ya mama yanamtosha. Mtoto anayeharisha apewe ORS na zinki na apelekwe kituo cha afya. Togwa inaweza kuwa chakula chake akianza kupata nafuu, lakini haichukui nafasi ya ORS.

Ukishuku sumu

Nenda kituo cha afya mara moja ikiwa mtu aliyekunywa togwa anatapika muda mfupi baadaye, anapumua kwa shida, anatoka mate mengi, amezimia, au watu kadhaa waliokunywa pamoja wameugua kwa wakati mmoja. Usimlazimishe kutapika na usimpe maziwa au mafuta kama dawa. Chukua chombo na togwa iliyobaki, ukivifunga vizuri, ili mhudumu ajue anatibu nini. Wazuie wengine wasiendelee kunywa.

Sumu ya zebaki huja polepole. Mikono hutetemeka, mtu husahau, hulala vibaya, hukasirika bila sababu. Mwenye dalili hizo anayeishi au kufanya kazi karibu na uchomaji wa dhahabu amweleze mganga kazi yake waziwazi, kwa sababu bila hivyo huenda akatibiwa ugonjwa mwingine.

Kabla ya kuloweka ulezi wa kimea wiki hii, kagua vyombo vyako kimoja kimoja. Kile usichojua historia yake kiondoe jikoni leo, na kitoboe kisirudi kwa jirani.